Gari Juu ya Mawe: Liuzwe, au Liwekewe Tarehe



Wapendwa ndugu na dada, juma hili tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, ingawa limekwisha kuvunja amani katika nyumba nyingi. Ni lile gari la kale lililosimama juu ya mawe nyuma ya nyumba, likingoja kutengenezwa, mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi. Wenye nyumba wanagawanyika: liuzwe, au lisiuzwe?

Kule Marekani ugonjwa huu huwapata wapenzi wa magari yenye injini kubwa ya miaka ya 1960, kama Ford Mustang na Pontiac GTO. Mtu hununua gagaa la gari, hulifungua lote, kisha vipande hukaa bandani mpaka wajukuu wazaliwe. Kwetu Kigoma, kuanzia Gungu na Mwanga hadi Ujiji, gari hilo mara nyingi ni Land Rover. Wala hatulidharau. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na kwa miaka mingi ndilo lililobeba wagonjwa, walimu, mapadre, masista na mabwana shamba katika barabara za Kasulu na Kibondo kabla ya lami kufikiriwa. Anayelipenda ana sababu.

Lakini upendo usio na hesabu hugeuka dhuluma. Basi tunasema waziwazi: gari lisilo na fedha iliyotengwa, lisilo na fundi aliyekubaliwa, na lisilo na tarehe ya kumalizika, liuzwe. Liuzwe sasa, lingali linaitwa gari. Tunajua kauli hii itawaudhi baadhi ya wazee wetu. Hebu basi tuzipime hoja zao moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza husema: "Gari la marehemu baba haliuzwi." Tunaiheshimu hoja hii kuliko zote. Ila tujiulize, marehemu alijulikana kwa lipi? Alijulikana kwa gari linalokwenda, linalopeleka mama mjamzito hospitali usiku wa manane. Leo kuku wanataga juu ya kiti chake, panya wametafuna nyaya, na watoto wa jirani wameondoka na vioo. Je, hiyo ndiyo kumbukumbu? Kumbukumbu ya mzee inatunzwa vema zaidi na mgeni aliyelinunua akaliendesha kuliko na mwana anayelitazama likioza.

Hoja ya pili: "Tumekwisha kutia fedha nyingi mno, hatuwezi kuacha." Fedha iliyokwisha kutumika haiulizwi tena. Ilikwenda kwa gia boksi, ilikwenda kwa difu, imekwenda. Swali la leo ni moja tu: fedha itakayofuata, je, ipo, na je, haina mwenyewe? Maana mara nyingi ina mwenyewe. Ni ada ya kidato cha tatu. Ni mtaji wa mama wa dagaa pale Kibirizi. Ni ujira wa kijana wa gereji bubu aliyechomelea chesisi kwa siku kadhaa akaambiwa aje mwisho wa mwezi, na miezi ikapita. Mtu anayemwendea fundi mwingine kabla hajamlipa wa kwanza hatengenezi gari, bali anaongeza deni.

Hoja ya tatu ni mpya kidogo: "Magari haya sasa ni dhahabu." Tangu tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024, wengi wameyatazama upya mabati yao kwa macho ya tajiri. Ndugu zangu, magari yaliyopita pale kwa msafara yalikuwa yanatembea! Mnunuzi hulipa bei nzuri kwa gari lililokamilika. Lililo vipande anahesabu kilichopotea, kisha anakata bei mara mbili: kwa ajili ya kipuri, na kwa ajili ya mashaka. Tena muda haumsaidii mwenye kungoja. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haili kutu kama bati la kawaida, na jambo hilo huwadanganya wengi. Chini yake chesisi ni ya chuma, nayo masika ya kwetu huila kimyakimya. Maji yakiingia kwenye silinda, injini hukwama. Mipira ya breki hukakamaa, matairi hupasuka bila kutembea hata hatua moja. Kila mwaka mnaongoja bei ipande, kinachouzwa kinapungua.

Zamani wengine waliogopa kuuza kwa sababu kodi ya mwaka ya gari ilikuwa imelundikana hata kwa magari yaliyolala. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2017, pamoja na malimbikizo yake. Kisingizio hicho nacho kimekufa.

Hoja ya nne ndiyo ya Kigoma hasa, na husemwa kwa fahari: "Mbona Liemba ilizama, ikafufuka?" Naam, na tuitazame Liemba vizuri. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli hadi kwetu, na ikashushwa ziwani mwaka 1915. Basi hata yenyewe ilipata kuwa vipande! Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kurudi nyuma, waliizamisha kwa mikono yao. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito, kwa sababu walikusudia kuirudia. Waingereza walipoinyanyua mwaka 1924 waliikuta mitambo ingali inafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tangu hapo imebeba watu na mizigo hadi Mpulungu, Zambia, na mwezi Mei 2015 ilikuwa ikiwatoa wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma.

Tofauti yenu na Liemba, ndugu wapendwa, iko katika grisi. Aliyeizamisha meli alitenda kama mtu atakayerudi. Ninyi mmepaka nini? Kabureta iko kwenye ndoo bila kifuniko. Boneti inaezekea banda la mbuzi. Kadi ya gari haijulikani ilipo, na mali bila daftari hupotea bila habari. Tena Liemba ilikuwa na kazi iliyokuwa ikiingoja: vijiji vya mwambao visivyo na barabara. Gari lenu linangojewa na nani? Asiyeweza kujibu maswali haya mawili asiitumie Liemba kama ngao.

Waundaji wa maboti pale ufukweni Ujiji wanalijua jambo hili. Mbao zikiachwa juani hupinda na kupasuka, kwa hiyo anayeagiza chombo akikosa fedha katikati hutafuta haraka wa kukimalizia. Hakuna anayemwita msaliti. Kwa nini mwenye gari aone haya?

Hata hivyo, hatumtetei anayeuza kwa hasira. Wapo wanaoamka asubuhi wakamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, gari likapimwa kwa kilo na kukatwakatwa kabla ya saa sita. Huo nao ni uharibifu. Mtafuteni kwanza anayeweza kulikamilisha, hata kama ni fundi kijana atakayelipa kidogo kidogo kwa maandishi. Kusanyeni vipande vyote mahali pamoja, viandikeni. Tafuteni kadi, linganisheni namba ya chesisi. Kama ni mali ya urithi, warithi wote wakae, na mama mjane asikilizwe wa kwanza. Na mnunuzi aambiwe ukweli: injini imekwama, gia ya tatu haiingii, ile injini ya Isuzu iliyopachikwa haikuwahi kuandikishwa. Rangi mpya juu ya chesisi iliyooza ni uongo, hata kama muuzaji hakufungua kinywa.

Na aliye na fedha, fundi na tarehe? Huyo asiuze. Amalize, na siku ya kuliwasha atuite, tutakwenda kulibariki kwa furaha.

Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alisimulia habari za mtu aliyeanza kujenga mnara bila kuketi kwanza kupiga hesabu, akaishia kuchekwa na wapita njia. Kwa kawaida fundisho hilo tunawapa wanaotaka kuanza. Leo tunawapa waliokwisha kuanza. Kuketi hakujapitwa na wakati. Kaeni jioni moja, baba, mama na watoto wakubwa, na karatasi na kalamu. Andikeni kinachohitajika, kilichopo, anayedaiwa na anayedai. Mkiweza kuandika tarehe chini ya karatasi hiyo bila kudanganyana, jengeni. Msipoweza, uzeni, mlipeni fundi, mpelekeni mtoto shule, na mawe yale mkayajengee kibaraza.

Tunawatakia Dominika njema na juma lenye amani.