Bahari Iliyotulia Pichani

Akina mama wenzetu, huenda mmewahi kuona picha ya bahari iliyolala kama maziwa sufuriani, mkajiuliza ilipigwa siku gani. Mawimbi yalikuwepo. Mpiga picha huweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, kisha hufunika lenzi kwa kioo cheusi kiitwacho filta. Filta nzito hupitisha sehemu 1 tu ya mwanga kati ya 1,000 hivi, hata picha ya sehemu ya 30 ya sekunde ikahitaji sekunde 30 na kidogo. Katika muda huo mawimbi huja na kurudi, yakaandikana moja juu ya jingine mpaka yakawa kama ukungu.

Kijana wetu akipenda kazi hii, tumtie moyo, ila tumwonye mambo mawili. Kwanza, asiende peke yake. Macho yake yako kwenye kamera, na wakati wa bamvua maji ya pwani yetu hupanda mita 3 na zaidi. Aliyesimama mwambani maji yakiwa yamekupwa aweza kuzungukwa bila kujua. Saa za kujaa tuziulize kabla hajatoka nyumbani.

Pili, kioo kile kisitumiwe kutazamia jua, hata siku ya kupatwa. Hupunguza mng'aro tu. Miale isiyoonekana hupita na kuunguza macho pasipo maumivu. Wadogo zake nao waambiwe, maana kitu cheusi huwavuta watoto.