Shahidi Anapokufa, Deni Halifi

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimalizika mwaka 1945. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 18 mwaka ule anatimiza miaka 100 mwaka 2027. Kwa hiyo askari wa Keya waliopigana Uhabeshi na Burma wamekwisha karibu wote. Wa Vita ya Kwanza hatunao tena.

Wapo wanaosema kwamba vile vilikuwa vita vya wakoloni, basi tuviache vizikwe na wenyewe. Sisi hatukubaliani nao. Hatusifu vita; twadai haki ya watu. Wachukuzi wengi wa Vita ya Kwanza walikamatwa vijijini kwa nguvu, wakabebeshwa mizigo ya majeshi, wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, ambalo twalitaja kila siku tuendapo sokoni Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao. Jina la kikosi limebaki; majina ya watu yamepotea.

Wala hayakupotea kwa bahati mbaya. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000 wa vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nao waliorudi salama mwaka 1945 walipewa kiinua mgongo kwa kipimo cha rangi: askari Mwafrika alipata kidogo kuliko mzungu wa cheo kile kile.

Dawa ya deni ni kulipa. Kifo cha mdai hakimfutii mdaiwa deni, maana wajane, watoto na wajukuu wangalipo. Serikali zihusike na malipo na kumbukumbu za taifa. Lakini nasi tunao wajibu usiongoja serikali. Viongozi wa jumuiya ndogondogo waulize katika kila nyumba: nani alikwenda vitani, alipelekwa wapi, alirudi au hakurudi? Majibu yaandikwe katika daftari la parokia, na majina hayo yasomwe Novemba tunapowaombea marehemu wetu. Barua za zamani, nishani na picha zisitupwe.

Tusipouliza mwaka huu, mwakani huenda hatutakuwa na wa kumwuliza.