Maongezi ya Nyumbani: Maji ya Msitu wa Nou



Mwezi uliopita tuliahidi kuandika habari za sala ya jioni nyumbani. Twaomba radhi, habari hizo zingoje kidogo, kwa maana mwezi wa Juni tulikwenda kuyaona maporomoko ya maji ndani ya msitu wa Nou, na jambo tulilolikuta huko limetunyima usingizi.

Wasomaji walio mbali na nchi ya Mbulu wajue kwamba Nou ni msitu wa hifadhi ulio juu katika nchi ya baridi, upande wa mashariki wa Dongobesh, karibu na pale ardhi inapokatika na kushuka kwenye Bonde la Ufa. Asubuhi nyingi ukungu hulala juu yake. Mvua inayonyesha humo haikimbii yote mara moja, bali ardhi huinywa na kuitoa polepole, hata wakati wa kiangazi. Mito inayoteremka mashariki huwanywesha watu wa bondeni, na mwisho wa safari yake ni Ziwa Manyara, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Watoto wetu waliyasoma hayo shuleni, lakini wengi hawajapata kuona maji yanakoanzia. Hiyo ndiyo sababu ya safari.

Tulikuwa watu kumi na wanne: wavulana na wasichana wa mafundisho ya Kipaimara, mama mmoja wa kuangalia chakula, na mzee mmoja jirani yetu aliyekubali kutuongoza. Mzee huyo alibatizwa uzeeni, miaka michache tu iliyopita. Tuliomba ruhusa kwa walinzi wa msitu, tukaondoka alfajiri, kila mtoto amejifunga shuka mabegani kwa baridi. Mwanzo tulifuata njia ya ng'ombe kati ya mashamba ya mahindi, kisha tukaingia chini ya miti, tukaanza kuteleza. Matawini zilining'inia ndevu za kijivu kama za wazee, nazo zilidondosha maji ijapokuwa mvua haikunyesha. Tulisikia ngurumo muda mrefu kabla ya kuona kitu.

Hata tulipotokea, tukasimama. Maporomoko yenyewe si makubwa kama yale yanayopigwa picha katika vitabu. Mtu aliyeyaona ya nchi nyingine angeweza kuyacheka. Lakini mwamba wake ni mweusi, maji ni meupe, na moshi wa maji hufika usoni pa mtu aliye mbali. Hata mtoto mtundu kuliko wote alinyamaza. Kwa kuwa ilikuwa saa sita tulisali Malaika wa Bwana, ingawa hakuna aliyesikia sauti ya mwenzake.

Mzee wetu hakusogea. Alibaki nyuma penye mkuyu, amevua viatu. Ndipo kijana mmoja akasema kwa kicheko, “Babu aogopa netlangw!” Wengine wakacheka pamoja naye.

Kwa wasiojua: wazee wa Kiiraqw walifundishwa kwamba juu yuko Looa, aliye mwema kama mama, na chini, katika mito na chemchemi, wako netlangw, walio wepesi wa kukasirika. Watu waliwaogopa sana, na penye maji palikuwa na miiko mingi.

Tulimkemea kijana yule, kwa kuwa mtoto hamcheki mzee, awe na hofu au asiwe nayo. Akaona haya, akaomba radhi, akateka maji katika kibuyu na kumpelekea. Mzee akanywa. Kisha akatuambia, “Mwalimu, mimi nimebatizwa, siogopi tena. Ila nadhani miguu yangu haikupata maji ya kutosha siku ile.” Tukacheka wote, naye pia. Halafu uso wake ukabadilika. “Zamani mahali hapa hapakukatwa hata fimbo ya kuchungia. Watu waliogopa. Ninyi mkatuambia tusiogope, tukafurahi sana. Sasa njoo uone.”

Akatupandisha juu ya maporomoko, mwendo wa dakika chache. Tukakuta visiki saba, na shimo la wapasua mbao, na unga wa mbao bado mwekundu juu ya majani. Tulimwuliza kwa siri ni nani waliofanya kazi ile. Akawataja wawili. Wote wawili twawaona kila Dominika, na mmoja hupokea Komunyo.

Yatupasa kusema na lililobaki, maana ndugu zetu wa kigango watalisoma na kutuangalia. Miaka miwili iliyopita tulitengeneza mabenchi mapya ya kanisa kwa mbao nyekundu nzuri, za bei rahisi mno. Hatukuuliza zimetoka wapi. Urahisi wa bei ulitufumba kinywa.

Mafundisho ya kwamba maji hayaabudiwi hatuyafuti. Hofu ile iliwatesa watu. Maskini walichinja kondoo wao wa mwisho kwa ajili yake. Hatutaki irudi. Lakini Yezu alisema juu ya nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu, nasi twajiuliza kama hatukufanya vivyo hivyo: tukafukuza hofu penye chemchemi, wala tusiweke pale amri, wala upendo, wala hata mlinzi.

Tulipokuwa tukila, msichana mmoja mwenye jamaa huko Katesh aliuliza habari za Mlima Hanang. Wengi mwakumbuka: alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, tope na mawe viliteremka kutoka mlimani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Je, mlima ulikasirika? Au Mungu aliwaadhibu? Tulimjibu kwamba wataalamu wa serikali walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ya mvua, ikameguka. Tena tukamkumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu: Bwana alikataa kusema kwamba walikuwa na dhambi kuliko wengine. Wala sisi hatutamtisha mtu kwa msiba wa Katesh ili aache kukata miti ya Nou. Hiyo ingekuwa netlangw nyingine, ila tumeivika kanzu.

Tuliporudi tulikaa na baraza la kigango. Imekubaliwa kwamba mbao haziingii tena katika jengo la kanisa bila hati na alama ya nyundo ya misitu. Ndugu wale wawili tuliwaita faraghani, pasipo kelele. Mmoja aliona haya, akaondoka. Wa pili, mwenye mwana chuoni, alituuliza, “Mwalimu, ada italipwa na chemchemi?” Hatukuwa na jibu, na hata leo hatunalo kamili. Tumemwombea kwa walinzi nafasi ya kutundika mizinga ya nyuki, tunangoja.

Juu ya mabenchi, wengine walitaka yauzwe. Tumeyaacha yalipo, kwa maana atakayeyanunua atakuwa amenunua mti uleule.

Mzee amekubali kuwaonyesha watoto chemchemi nyingine tatu baada ya mavuno, na kijana aliyemcheka ndiye wa kwanza kuandikisha jina. Wazazi wanaopenda watoto wao waende watuarifu baada ya Misa. Habari za sala ya jioni zitatoka mwezi ujao.