Ushindi wa Algiers na hesabu ya bao la ugenini

Jumamosi ya tarehe 3 Juni 2023 Yanga iliifunga USM Alger bao 1-0 katika Uwanja wa 5 Julai 1962, jijini Algiers. Djuma Shabani alipachika penalti dakika ya 7, kipa Djigui Diarra akapangua penalti ya wenyeji, na filimbi ya mwisho ikalia timu ya Jangwani ikiwa mbele. Kisha waliofungwa ndio waliopanda jukwaani kuinua Kombe la Shirikisho Afrika.

Shabiki wa Yanga hahitaji kuelezwa sababu. Siku sita kabla, kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, timu yake ililala 2-1. Aymen Mahious alitangulia kufunga kipindi cha kwanza, Fiston Mayele akasawazisha dakika ya 82, na uwanja ulikuwa bado unatikisika kwa shangwe pale Islam Merili alipoirudisha USM Alger mbele dakika mbili baadaye. Jumla ikawa 2-2. Waalgeria walikuwa na mabao mawili ya ugenini, Yanga ilikuwa na moja, na kombe likaamuliwa hapo.

Tanzania ilikuwa imesubiri fainali ya namna ile kwa miaka 30, tangu Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikatoka sare tasa Abidjan na kufungwa 2-0 na Stella nyumbani. Ndiyo maana usiku ule wa Algiers uliwaacha Wananchi na hisia mbili zisizokaa pamoja: fahari ya kushinda mahali ambapo wageni wengi huondoka na kipigo, na uchungu wa kuona ushindi huo haukutosha. Fahari haina mjadala. Uchungu ndio unaozaa swali ambalo mashabiki wa soka Afrika wanapaswa kulikazania: je, bao la ugenini lina sababu ya kuendelea kuwa na uzito kuliko bao jingine?

Kanuni hii ilizaliwa Ulaya kwa sababu zilizoeleweka. UEFA iliianzisha msimu wa 1965/66 katika Kombe la Washindi, wakati ambapo timu zilizolingana zililazimika kurudiana mara ya tatu katika uwanja usio wa yeyote, na zikilingana tena ikabaki bahati nasibu. Mwaka 1965 Liverpool na Köln zilitoka sare mara tatu mfululizo, ya mwisho ikiwa Rotterdam, na Liverpool ikasonga mbele kwa kurushwa kitu kama sarafu. Ikilinganishwa na hilo, kuhesabu mabao ya ugenini kulikuwa na akili. Safari zilikuwa za kuchosha, wageni walikwenda kujifungia golini kwao, na kanuni iliwapa sababu ya kutoka na kushambulia.

Miaka 56 baadaye, Juni 2021, UEFA yenyewe iliifuta. Takwimu zake zilionyesha kwamba tangu katikati ya miaka ya 1970 ushindi wa wenyeji ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 61 hadi 47, na wa wageni kupanda kutoka 19 hadi 30. Wastani wa mabao ya mgeni kwa mechi ulipanda kutoka 0.95 hadi 1.15. Amerika Kusini ikafuata katika Copa Libertadores ya 2022, na Asia ikafuata msimu wa 2023/24. CAF ikabaki nayo.

Hapa anayeitetea CAF ana hoja nzito, na haifai kuipita haraka. Takwimu za Ulaya si za Afrika. Timu ya Manchester ikienda Milan hupanda ndege kwa saa mbili na kulala katika hoteli inayofanana na ile iliyoizoea. Timu ya Dar es Salaam ikienda Afrika Magharibi au Kaskazini huweza kuunganisha ndege mara mbili, ikashuka kwenye baridi isiyoizoea, ikacheza mbele ya makumi ya maelfu ya watu wanaoimba bila kupumzika. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo una nyasi bandia. Katika bara ambalo ugenini bado ni ugenini kweli, anasema mtetezi, bao la huko linastahili malipo ya ziada.

Basi tuchukue hoja hiyo kama ilivyo na kuipima kwa msimu huohuo wa Yanga.

Baada ya kutolewa na Al Hilal ya Omdurman katika Ligi ya Mabingwa, Yanga ilishuka Shirikisho. Kuanzia hapo ilisafiri mara saba. Ilishinda Tunis dhidi ya Club Africain kwa bao la Stephane Aziz Ki, baada ya suluhu ya Dar es Salaam iliyowafanya wengi waikatie tamaa. Ilifungwa 2-0 na Monastir, ikatoka sare 1-1 na Real Bamako, ikashinda 1-0 Lubumbashi, 2-0 Uyo dhidi ya Rivers United kwa mabao mawili ya Mayele, 2-1 Rustenburg dhidi ya Marumo Gallants, na mwisho Algiers. Ushindi mara tano katika safari saba. Ni rekodi ambayo timu yoyote ya bara hili ingejivunia, na ilijengwa na kocha Nasreddine Nabi juu ya msingi mmoja ulio wazi: kutoruhusu bao. Katika ushindi huo wa mara tano, mara nne wenyeji hawakuziona nyavu za Yanga.

Na hapo ndipo kanuni inapopwaya. Kama ugenini ni kugumu, basi kulinda lango ugenini ni kugumu vilevile, pengine zaidi, maana ndipo mgeni anaposhambuliwa na kuzomewa kwa dakika 90. Lakini kanuni humlipa mgeni aliyefunga tu. Mgeni aliyezuia hapati kitu. USM Alger ilifunga mbili Dar es Salaam na kufungwa moja. Yanga ilifunga moja Algiers na haikufungwa. Kila upande ulishinda nyumbani kwa mwenzake kwa tofauti ya bao moja. Anayetaka kusema mmoja alifanya kazi ngumu kuliko mwingine ana mzigo wa kuthibitisha, na kanuni haithibitishi chochote. Inaamua tu kwamba bao la Merili la dakika ya 84 lilikuwa na thamani kuliko la Mayele lililotangulia kwa dakika mbili, katika goli la uwanja uleule, mbele ya watu walewale.

Kuna jambo jingine lililoonekana Algiers ambalo lingepaswa kuwatia wasiwasi waliopo Cairo, makao makuu ya CAF. Kuanzia dakika ya 7 USM Alger ilikuwa inafungwa nyumbani kwake, na matokeo hayohayo yalikuwa yanaipa ubingwa. Timu inayopoteza mechi mbele ya mashabiki wake haikuwa na haja ya kusawazisha. Kila dakika iliyopita ilikuwa mali yake. Kanuni iliyobuniwa ili kuchochea mashambulizi ilikuwa imempa aliye nyuma kila sababu ya kutulia, na mzigo wote wa kutafuta bao ukabaki kwa mgeni aliyekuwa tayari anaongoza. Hakuna tafsiri ya haki inayoweza kulitengeneza hilo.

Mtu wa Msimbazi anaweza kudhani hiki ni kilio cha watani. Sivyo, kwa kuwa Simba ina makovu mengi zaidi. Agosti 2019 ilitoka suluhu na UD Songo kule Beira, ikaja kutoka sare 1-1 Dar es Salaam na kutupwa nje bila kufungwa mechi hata moja. Aliyeifunga siku ile, Luis Miquissone, ilimsajili miezi michache baadaye. Oktoba 2021 iliishinda Jwaneng Galaxy 2-0 Gaborone, ikarudi kwa Mkapa na kulala 3-1. Jumla 3-3, nje, na kocha Didier Gomes akaondoka. Oktoba 2023, katika African Football League, ilitoka sare ya 2-2 na Al Ahly Dar es Salaam na 1-1 Cairo, yaani ilikwenda hadi kwa klabu kubwa kuliko zote Afrika bila kupoteza, ikaishia njiani kwa kanuni ileile.

Kipigo cha Jwaneng kinahitaji maneno yake. Wengi walikieleza kama uzembe, na uzembe ulikuwepo. Lakini ukubwa wa adhabu ulitokana na hesabu. Simba ilikuwa imefunga mabao matatu sawa na wageni wake katika mechi mbili, na ilikuwa na ushindi mnono wa ugenini mkononi. Bila kanuni hiyo, mechi ingekwenda kwenye matuta, na mwenye uzembe angepewa nafasi ya kujikomboa mbele ya watu wake.

Jibu la kawaida ni kwamba matuta ni bahati. Si kweli kabisa. Penalti hupigwa na miguu iliyofanya mazoezi, huzuiwa na kipa aliyewasoma wapigaji, na pande zote mbili husimama kwenye nukta moja, mbele ya goli moja. Simba ilitolewa hivyo na Wydad Casablanca mwaka 2023 baada ya kila timu kushinda 1-0 kwake, na Yanga ikatolewa hivyo na Mamelodi Sundowns mwaka 2024 baada ya suluhu mbili. Iliuma sana, lakini kila upande ulipiga mikwaju kwa masharti yaleyale.

Tena CAF ina wepesi ambao Ulaya haina. Huko, kuondoa kanuni kulileta lawama kwamba mwenyeji wa marudiano hupata dakika 30 za nyongeza nyumbani. Katika mechi hizo za Wydad na Sundowns dakika 90 zilipokwisha timu zilikwenda moja kwa moja kwenye penalti, kwa hiyo faida hiyo haipo. Kinachotakiwa ni kufuta kifungu kimoja.

Wala Algiers haikuwa ajali ya mara moja. Mei 2024 fainali ya Shirikisho iliishia hivyohivyo: RS Berkane ilishinda 2-1 Morocco, Zamalek ikashinda 1-0 Cairo, kombe likaenda Cairo kwa bao moja la ugenini. Fainali mbili mfululizo za mashindano ya bara zima zilimalizika kwa jumla ya 2-2, na zote mbili hazikuamuliwa uwanjani bali kwenye kitabu cha kanuni.

Mabadiliko hayo yangekuwa na gharama kwa Watanzania pia, na ni haki kuitaja. Msimu wa 2023/24 Simba ilifuzu makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa kutoka sare ya 2-2 na Power Dynamos kule Ndola, mabao yote mawili yakiwa ya Clatous Chama, kisha 1-1 Chamazi. Bila bao la ugenini, Wazambia wangesimama kwenye nukta ya penalti pale Chamazi wakiwa na nafasi sawa na Simba, na walikuwa wameistahili.