Hausigeli Aliyewagawa Waingereza

Msomaji wangu, ukisikia riwaya ya Kiingereza usikunje uso ukakumbuka mtihani. Mambo yalipamba moto kwa sababu ya hausigeli wa miaka 15 na bosi mkware.

Ilikuwa London, mwaka 1740. Mchapaji mmoja, Samuel Richardson, mzee wa miaka 51, alikuwa akiandaa kitabu cha mifano ya barua kwa wasiojua kuziandika. Fani hiyo alianza nayo mbali. Akiwa na miaka 13 tu, mabinti walikuwa wakimpa kazi ya kuwajibia barua wapenzi wao! Basi katikati ya barua hizo wazo likamjia, akaibuka na Pamela.

Bosi anaitwa Mr. B, basi (hata jina kabaniwa). Anamtaka binti, binti hataki. Jamaa anamteka na kumfungia kwenye nyumba yake nyingine, mbali kabisa. Pamela anaandika kila kitu ili wazazi wake wajue, na karatasi anazishonea kwenye gagulo zisikamatwe. Bosi anazinasa, anazisoma, analainika. Mara ndoa!

Watu walipagawa. Haukupita mwaka, kitabu kikawa kimetolewa mara tano. Lakini Henry Fielding hakudanganyika. Mwaka 1741 akamjibu kwa kijitabu cha kejeli, Shamela, ambamo binti ni mjanja wa mjini anayejifanya mtakatifu ili apandishe dau. Mwaka uliofuata akaja na Joseph Andrews, kaka yake Pamela, naye safari hii anang'ang'aniwa na mama mwenye nyumba.

Fielding anachekesha, sibishi. Ila kwa Shamela mimi simpigii makofi. Binti akilalamika kuwa bosi anamsumbua, kuna watu hadi leo wanauliza yeye alikuwa anatafuta nini. Na ile ndoa nayo siielewi. Utekwe, ufungiwe, halafu zawadi yako iwe mtekaji?

Kwenye Clarissa, riwaya ndefu kupita maelezo iliyotoka kwa mafungu kati ya 1747 na 1748, Richardson aligeuza kibao. Mwanamume huyo anambaka binti, kisha anataka kumuoa. Clarissa anakataa katakata. Wasomaji walipohisi binti anaelekea kufa, barua zikaanza kumiminika. Lady Bradshaigh alimwandikia kwa jina la bandia, akimsihi amwache binti aishi, waoane yaishe. Mzee akagoma.