Shitaka la Mwisho wa Likizo

Kila mwaka, mvua za vuli zikiisha na Januari ikiingia na jua lake, shitaka moja husomwa katika nyumba nyingi za Moshi na za miteremko ya Kilimanjaro, tangu Machame hata Rombo. Washitakiwa ni vijana wa miaka 13 hata 18, waliorudi Desemba kutoka shule za bweni na ambao sasa wanafunga masanduku. Washitaki ni wazazi wao, shangazi zao, na wajomba waliopanda kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya Krismasi. Husemwa ya kwamba vijana hawa ni wavivu. Ya kwamba huamka jua limekwisha kupanda. Ya kwamba hawajui kukata majani ya ng'ombe wala kupunguza machipukizi ya mgomba. Ya kwamba hawawezi kumwamkia bibi yao kwa lugha yake. Na ya kwamba macho yao hayabanduki katika simu. Hukumu hutolewa papo hapo, wala utetezi hausikilizwi: kizazi kimeharibika.

Shitaka hili ni la uongo. Si kwamba mambo yatajwayo hayapo. Yapo, na mengi yao huonekana kwa macho. Uongo wake u katika jina la mshitakiwa.

Hebu zihesabiwe siku ambazo kijana huyo amepewa akae nyumbani. Shule humchukua sehemu kubwa ya mwaka. Zabaki likizo mbili kubwa, ya Juni na ya Desemba, na mapumziko mafupi katikati. Akiwa katika darasa la mtihani, ya Juni huliwa na kambi ya masomo. Akiwa amemaliza darasa la saba mwezi wa Septemba, na kwa hiyo angekuwa na miezi mitatu ya kukaa na wazazi wake, huandikishwa masomo ya kumtayarisha kwa kidato cha kwanza, na pengine masomo hayo nayo ni ya bweni. Wengine hushuka mjini kila asubuhi kwa masomo ya ziada, ambayo watu wameyapa jina la twisheni, na kurudi jioni wamechoka. Ni nani aliyepanga haya? Si kijana. Hakuna mtoto wa miaka 14 aliyekwenda kwa mwalimu na fedha mkononi akaomba anyimwe likizo yake. Mzazi amelipa ili mwanawe asiwepo, kisha amlaumu kwa kutokuwapo.

Jambo moja dogo laonyesha ubaya huu kuliko maneno mengi. Barua ya kujiunga na shule humtaka mwanafunzi aje na godoro, ndoo, fagio, na mara nyingi jembe au kwanja. Basi baba hushuka soko la Mbuyuni, akachagua jembe jipya, akaupima mpini wake kwa mkono. Nyumbani liko jembe jingine, limeegemezwa banda la ng'ombe, na siku zote za likizo baba huyo hakulishika mbele ya mwanawe. Kijana atafundishwa kulima na mwalimu wa zamu, na kwa wengi kilimo cha kwanza wakijuacho ni adhabu ya kuchelewa mstari wa asubuhi. Halafu yastaajabiwa ya kwamba jembe halipendi.

Kihamba hakifundishwi hivyo. Shamba la Kichagga, lenye kahawa chini ya migomba, na migomba chini ya miti mirefu, na ng'ombe wafungwao bandani ambao samadi yao huirudishia ardhi nguvu, ni elimu ndefu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia nzima. Heshima hiyo ni njema, lakini urithi hauna maana pasipo mrithi. Mgomba upi ukatwe na upi uachwe, maji ya mfongo yafunguliwe zamu ya nani, ndizi ipi ni ya mbege na ipi ya mtori, haya hujulikana kwa kufuatana na mtu mzima siku baada ya siku. O. F. Raum, aliyeandika kitabu kizima juu ya utoto wa Kichagga mwaka 1940, aliona ya kwamba watoto walikuwa na malezi na mafundisho yao kabla ya shule kuja, na ya kwamba mafundisho hayo yalikuwamo katika maisha ya nyumbani yenyewe. Hata mafundisho ya jando yalikuwa na mwalimu wake mzee, na fimbo yake iliyochanjwa alama, mregho, ya kukumbushia kila somo. Hakuna mwenye akili atakaye kurudisha mambo yote ya zamani zile. Ukeketaji wa wasichana ulikuwamo humo, na ni vema ukatupwa. Lakini wazee wa wakati ule hawakumwambia kijana, "Mbona hujui?" kabla hawajamwambia, "Njoo uone."

Wako watakaojibu, na jibu lao lina uzito. Watasema: ardhi imekwisha. Kihamba kilichogawanywa na babu kwa wanawe, na wanawe wakakigawanya tena, leo hakitoshi hata kujenga. Elimu ndiyo kihamba cha kijana wa sasa. Tena fedha ya kahawa, iliyouzwa kwa ushirika chini ya KNCU tangu 1933, ndiyo iliyowalipia wengi karo na kuwatoa. Yote ni kweli. Lakini kutokana na kweli hiyo haifuati ya kwamba mtoto asiyerithi shamba asirithi pia kazi, na maneno, na watu. Mwenye kurithi ardhi ataweza kujifunza akiisha kuipata. Asiyerithi hana wakati mwingine ila huu. Wala si Kiswahili kilichomnyang'anya Kivunjo au Kimachame. Kijana aweza kuzijua lugha hizo zote pamoja na Kiingereza. Lugha ya bibi humpotea kwa sababu hakuketi na bibi.

Wengine humtaja Nyerere. Katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967 aliuliza ni wanafunzi wangapi watumiao likizo zao kwa kazi yenye faida kwa watu ingawa haina malipo, kama kuchimba mfereji wa maji. Swali hilo hutupiwa vijana usoni. Husahauliwa ya kwamba kitabu kizima kilikuwa lawama juu ya mpango wa shule uliomtenga mtoto na jamaa yake, na mpango ule haukutungwa na watoto. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa madarasa ya chini ya msingi. Ilikuwa hatua ya haki; lakini kijana wa sekondari hakuguswa nayo, na hakuna amri iwezayo kumketisha baba jikoni pamoja na mwanawe.

Si vijana wote walio sawa katika jambo hili. Msichana arudiye likizo aghalabu hapumziki: atapika, atafua, atachota maji, na ndugu yake atakaa. Kwa hiyo uvivu uimbwao Januari, hata pale ulipo, mara nyingi ni uvivu wa nusu ya watoto wa nyumba, na nusu hiyo imelelewa hivyo na mama yake mwenyewe.

Na yuko mwingine asiyetajwa kabisa. Katika nyumba nyingi zenye uwezo, ng'ombe hawafi njaa ingawa watoto wako shuleni. Yupo kijana wa kuajiriwa, mara nyingi wa umri ule ule wa mtoto wa nyumba, ametoka katika nyumba maskini au mkoa mwingine, naye hushuka tambarare kukata majani na kupanda nayo kichwani. Yeye hufuata nyayo za mzee kila siku, na wengine wao wamekwisha kuijua lugha ya mlimani kuliko wajukuu. Ajua mgomba upi ukatwe. Mwenye nyumba humsifu mbele ya wanawe ili waone haya, wala haoni haya mwenyewe kwa kumwondolea mtoto wa mwenziwe shule ili mtoto wake asishike kwanja. Mabasi ya wanafunzi yakiisha kuondoka stendi ya Moshi, huyo hubaki. Mshahara wake wa mwezi mzima, mara nyingi, haufikii ada ya twisheni ya mwezi huo huo.

Likizo ya Juni i karibu kuliko idhaniwavyo. Itafika kahawa ya vihamba vya chini ikianza kuwa nyekundu, na kazi ya kuchuma na kumenya itataka mikono mingi, mikubwa na midogo. Orodha za kambi za masomo zitakuwa zimekwisha kuandikwa, na majina ya vijana yatakuwamo kabla wao wenyewe hawajaulizwa.