Mdaiwa wa kodi naye asikilizwe

Karatasi yenye muhuri ikiletwa Vingunguti, Dar es Salaam, hupita kwanza mikononi mwa wengi. Mleta samansi anamuuliza mjumbe, mjumbe anamwelekeza kwa mtendaji wa mtaa, mtendaji anamtuma kijana, na kijana anamkuta mpangaji anafua uani. Mwenye nyumba siku hizi anaishi Chanika au Mkuranga. Pengine alishafariki, na nyumba imebaki ya familia, kila mtoto na chumba chake. Karatasi inachomekwa juu ya fremu ya mlango ikingoja wa kuisoma, na huku tarehe ya shauri inasogea.

Niseme mapema ninakosimama. Serikali ina haki ya kudai kodi ya nyumba na ya ardhi, na mwenye mali ana wajibu wa kulipa. Lakini kila dai la kodi lazima liwe na mahali ambapo anayedaiwa anaweza kufika, akasema neno lake na likaandikwa. Samansi, pamoja na hofu yake yote, inampa nafasi hiyo. Mita ya Luku, ile ya umeme wa kulipia kabla inayokata kodi ya majengo, haimpi. Na sisi tumekuwa tukiikimbia samansi huku tukikubali kukatwa na mita bila kuuliza.

Tuanze na samansi yenyewe. Mara nyingi madai yanayowafikisha wenye nyumba kwenye baraza la ardhi siku hizi ni ya kodi ya pango la ardhi, wala si ya kodi ya majengo. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, na siwalaumu. Mtu anakatwa kodi kila mwezi akinunua umeme, anaamini amemalizana na Serikali kuhusu nyumba yake, halafu anaambiwa ana malimbikizo ya miaka. Kodi ya majengo inatozwa kwa jengo, na msingi wake ni sheria ya mwaka 1983 ya kodi za majengo katika mamlaka za miji. Pango la ardhi linatozwa kwa kiwanja, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na linamhusu mwenye hati au mwenye leseni ya makazi. Leseni hizo zilianza kutolewa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000 kwa ajili ya maeneo yasiyopimwa kama Vingunguti, ambako watu wengi walinunua viwanja kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Wengi waliichukua leseni kwa furaha kama ngao ya nyumba yao. Si wote walioelewa kwamba siku hiyo hiyo waliingia kwenye daftari la walipaji wa kila mwaka.

Wizara ya Ardhi imekuwa ikiwapa wadaiwa sugu ilani ya siku 14, na asiyelipa anafikishwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kinachomponza mdaiwa hapo ni kutofika, kuliko hata lile deni. Shauri linasikilizwa upande mmoja, uamuzi unatoka bila neno lake, na kinachofuata ni utekelezaji, ambapo anayekuja mlangoni ni dalali. Kuuondoa uamuzi uliotolewa upande mmoja kunawezekana, ila sasa utalazimika kuomba, kueleza kwa nini hukufika, na pengine kumlipa wakili.

Kwa nini basi watu wanajificha? Kodi katika nchi hii ina historia ya kukimbizwa. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa kufanya kazi. Baada ya uhuru, kwa jina moja au jingine, kodi ya kichwa ilitozwa kwa vipindi, na wazee wengi wanakumbuka jinsi vijana walivyolala porini siku za msako wa kodi ya maendeleo. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, kwa hiyo mtu mwenye miaka 45 leo aliishuhudia kwa macho yake. Ukimwambia kwamba karatasi ya baraza ni nafasi ya kujieleza, atakuangalia kwa mashaka, na ana sababu.

Pamoja na hayo, hebu tazama mambo ambayo mtu wa Vingunguti anaweza kuyasema akifika. Anaweza kuonyesha risiti ya malipo ambayo hayakuingizwa kwenye kumbukumbu. Anaweza kusema kiwanja kinachotajwa si chake, jambo la kawaida mahali ambapo nyumba zimebanana na mipaka inajulikana kwa mti au kwa ukuta wa jirani. Anaweza kukubali deni na kuomba alipe kwa awamu.

Zito kuliko yote ni lile la mirathi. Samansi inakuja na jina la marehemu. Watoto wanatazamana. "Kaka, wewe ndiye mkubwa, nenda wewe." "Niende kama nani? Mimi si msimamizi." Na ni kweli, marehemu hawezi kushtakiwa, anayepaswa kuitwa ni msimamizi wa mirathi, na mara nyingi familia haikuwahi kumteua kwa kuwa kufungua mirathi kungeamsha ugomvi wa nani achukue chumba kipi. Kunyamaza si kinga. Mmoja wao aende baraza na cheti cha kifo, aseme mwenye jina hili alifariki, tunaomba muda tufungue mirathi. Sentensi hiyo moja inaweza kuinusuru nyumba ya ukoo isiuzwe kwa deni ambalo ndugu sita wangelichangia kwa jioni moja.

Sasa tuje kwenye mita. Kodi ya majengo imehamishwa huku na huko kwa miaka mingi. Mwaka 2008 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilipewa kazi ya kuikusanya Dar es Salaam. Mwaka 2014 ikarudi kwa manispaa. Mwaka 2016 ikapelekwa tena TRA. Kisha ikaja Agosti 2021, ikafungwa kwenye Luku: Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Sh5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Tangu Julai 2023 imekuwa Sh1,500 na Sh7,500.

Faida zake ni za kweli. Foleni ndefu za Julai 2017, watu wamesimama juani nje ya ofisi za TRA wakiwahi siku ya mwisho, zimekwisha. Hakuna tena mtoza ushuru wa kupewa chochote ili aruke nyumba yako. Na hakuna bibi wa Vingunguti anayeitwa mahakamani kwa ajili ya kodi ya majengo.

Lakini fuatilia nani analipa. Kodi hii kisheria ni ya mwenye nyumba, na mita humkata anayenunua umeme. Katika nyumba ya korido yenye vyumba sita, anayenunua umeme ni mpangaji. Ujumbe wa simu unamletea uniti, kodi ya ongezeko la thamani, makato ya REA ya umeme vijijini na ya EWURA, mdhibiti wa nishati, na kodi ya jengo ikiwa imeandikwa kama deni lake. Serikali ilisema wapangaji wakubaliane na wenye nyumba. Anayewajua wenye nyumba wa Dar es Salaam anajua mazungumzo hayo yanavyoisha. "Mama mwenye nyumba, mwezi huu nimekatwa kodi ya nyumba yako." "Baba Asha, umeme si unatumia wewe?" Mpangaji anayelipa chumba kwa miezi sita mbele hana nguvu ya kuendelea na hoja hiyo. Zipo pia nyumba zenye mita mbili au tatu, na kila mita inakata mpaka mtu aende kueleza kwamba jengo ni moja.

Halafu kuna wazee. Sheria inamsamehe mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Mita haijui umri wa mtu. Msamaha ni wa yule aliyejaza fomu na kuambatisha kitambulisho, na mwenye magoti mabovu na simu ya kitochi anaendelea kukatwa fedha ambazo sheria imemwachia.

Hoja nzito dhidi yangu ni ya gharama. Sh1,500 kwa mwezi ni Sh18,000 kwa mwaka. Kumsikiliza kila mlalamikaji kunaweza kuigharimu Serikali zaidi ya kodi yenyewe. Ingekuwa nataka mahakama kwa kila mita, hoja hiyo ingenimaliza. Bodi ya Rufani za Kodi ipo, ila haikuundwa kwa ajili ya mpangaji wa mitaa ya Vingunguti kama Mtambani au Kombo. Ninachotaka ni kidogo zaidi: dawati katika ofisi ya kata, lenye mtu mwenye mamlaka ya kurekebisha mambo matatu tu, yaani umri wa mwenye nyumba, mita zilizozidi, na jina la anayepaswa kulipa. Mtendaji wa kata anazijua nyumba hizo. Watendaji wa mitaa walio chini yake ndio wanaoletewa samansi wazifikishe. Kwa upande wa wapangaji, sheria iseme wazi kwamba makato hayo yanatolewa kwenye kodi ya pango la chumba, na ujumbe wa simu uwe ushahidi wa kutosha.

Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ulirekebisha kodi yake ya majengo kuanzia mwaka 2019 chini ya meya Yvonne Aki-Sawyerr. Majengo yalihesabiwa kwa picha za satelaiti na kupewa alama kulingana na paa, ukuta, ukubwa na mahali yalipo, hivyo nyumba ya bati haikulipa sawa na jumba la kifahari. Kwetu, nyumba ya vyumba viwili ukingoni mwa mto Msimbazi, inayoingiwa na maji kila masika, inakatwa Sh1,500 ile ile inayokatwa bangaloo la Masaki lisilo na ghorofa. Watu wanaona jambo hilo, na ndilo linalowafanya waichukie kodi kuliko kiwango chake.

Kwako wewe mwenye samansi mkononi: soma nani anadai, anadai nini na ni baraza gani. Chukua leseni, karatasi ya mauziano, risiti zote na kitambulisho, ufike siku hiyo hiyo iliyoandikwa. Huna wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Usilipe deni kwa fedha mkononi kwa mtu yeyote aliyekuja na karatasi. Omba namba ya malipo ya Serikali. Nanyi wa Halmashauri ya Jiji, TRA na shirika la umeme TANESCO, kaeni meza moja muweke dawati hilo kwenye kata, mkianza na wazee ambao sheria ilishawasamehe na mita bado inawakata.